Lala salama



Katika miji yetu ya Kivu, jua likisha kutua, ziko sauti tatu ambazo kila mtoto azijua. Ya kwanza ni filimbi. Ya pili ni sufuria inayogongwa kwa mwiko, kisha sufuria ya jirani, kisha ya jirani wa jirani, hata kilima kizima kinalia. Ya tatu haisikiki mbali: ni komeo la mlango likisukumwa kwa ndani, na baba akiwaambia watoto wake, «Nyamazeni, si kwetu.»

Sauti hiyo ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu juma hili.

Zile mbili za kwanza zimekwisha kupata sifa, na ni haki yao. Huko Bukavu na Goma, wanyang'anyi wenye bunduki walipozidi kuvunja nyumba za watu usiku, na polisi wakawa mbali, au hawana gari, au wenyewe waogopwa, raia walijifunza kujilinda kwa vitu vya jikoni. Filimbi ikawekwa karibu na kitanda. Vijana wa mtaa wakashika zamu, wakazunguka na taa na fimbo mpaka majogoo. Wakubwa wa nyumba kumi wakaandika majina ya wageni. Mwaka wa 2025, M23 walipoingia Goma mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, wafungwa walitoka katika magereza ya miji hiyo, na polisi hawakuonekana tena njiani. Katika siku zile watu wengi hawakuwa na mlinzi mwingine ila kijana wa jirani mwenye filimbi shingoni.

Basi, wako watu wema, wenye kufika Misa kila Dominika, wanaofikiri hivi: Vijana wapo, nimetoa franka zangu za mwezi, sasa nilale. Wao hudhani kwamba ulinzi ni kama sabuni, hulipwa na kuchukuliwa. Filimbi ikilia hawatoki. Asubuhi huuliza habari, huhuzunika kidogo, kisha huwalaumu walinzi.

Tuyachunguze kwanza maneno «lala salama». Mama huyasema kwa mtoto akimfunika blanketi. Lakini katika vijiji vingi vya Kivu maneno hayo yamekuwa jina la kodi. Kila nyumba ilitoa fedha au chakula kwa watu wenye silaha ili wenyeji walale bila kushambuliwa. Aliyelipa alipewa kikaratasi cha kuonyesha, na asiyelipa alitafutwa. Je, alikuwa akilindwa asidhurike na nani? Mara nyingi na yule yule aliyepokea kodi.

Tena tusidanganyane: wengi wa watu hao hawakuanza kama wanyang'anyi. Katika Shabunda, mwaka wa 2005, wanavijiji walishika silaha za kienyeji kwa sababu wapiganaji wa FDLR walikuwa wakiwaua, na jeshi la serikali halikuwafikia. Wakaitwa Raia Mutomboki, ndio raia wenye kutomboka, raia wenye hasira. Nani angaliwalaumu siku ile? Mwaka wa 2011, jeshi lilipoondoa askari wake katika sehemu nyingi za Shabunda ili kuwapanga upya, Raia Mutomboki waliamka tena, wakaenea mpaka Kalehe na Walikale. Baadaye wakagawanyika: kila mkubwa na kundi lake, kila kundi na kizuizi chake njiani, na pale kizuizini mama mwenye mzigo wa mihogo alilipa ndipo apite. Alikuwa analipa watoto wa kijiji chake mwenyewe.

Sisemi leo juu ya vita wala juu ya makundi ya silaha yaliyopo sasa. Neno hilo lina wakubwa wake. Nasema juu ya kijana wa zamu katika mtaa wako. Kumwuliza hesabu mtu mwenye bunduki ni jambo gumu, pengine la mauti. Kumwuliza hesabu kijana mwenye filimbi ni rahisi. Basi tumwulize wakati angali na filimbi.

Wengine watanijibu: Mwalimu, shauri ni kwamba watu wote watoke. Mtaa mzima ukitoka pamoja, hakuna kundi dogo litakalojifanya bwana. Neno hilo ni nusu ya kweli. Tuangalie nusu ya pili.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, watu wote walitoka. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, bunduki zilizagaa huko na wevi wa ng'ombe wakazidi. Polisi hawakuwa na sifa njema: mwaka wa 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, aliacha kazi yake kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa maaskari katika mkoa wa Shinyanga. (Ndiye aliyekuwa Rais wa Tanzania baadaye, toka 1985 mpaka 1995. Mkubwa kuacha kiti kwa kosa la walio chini yake, ni jambo tusilolizoea sana kwetu.) Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji waliunda kundi la sungusungu, wakajipa jina la wale chungu weusi wanaouma. Kila mwanaume mzima alikuwa na upinde na mishale. Kelele ya hatari, wao huiita mwano, ikilia, wote hutoka. Kijiji cha pili huupokea mwano na kuwazibia wevi njia. Aliyebaki kitandani alitozwa faini au alitengwa na jirani zake. Wizi wa ng'ombe ulipungua sana. Rais Nyerere aliwasifu, na mwaka wa 1989 sheria ya Tanzania iliwapa uwezo wa kukamata watu.

Lakini sungusungu hao hao, hasa miaka ya mwanzo, waliwafukuza na kuwapiga wanawake wazee waliosingiziwa uchawi, na wengine waliuawa. Mzee aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa samadi, macho yamekuwa mekundu kwa moshi, akaonekana mchawi kwa sababu ya macho hayo. Na nani angemtetea, ikiwa kijiji chote kimetoka na pinde zake, kimekubaliana?

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na irondo, zamu ya usiku ya raia, na wakubwa wa nyumba kumi kama sisi. Mwaka wa 1994 zamu hiyo na vizuizi vya njiani viligeuzwa kuwa vyombo vya kuwatafuta Watutsi na kuwaua. Watu waliitwa kutoka kila nyumba. Walitoka. Wengi wao walikuwa wamebatizwa. Mambo haya ni machungu kuyaandika katika gazeti la jamaa za Kikristu, lakini tusipoyaandika, vijana wetu watadhani kwamba zamu ya usiku ni njema kwa sababu tu watu ni wengi.

Kwa hiyo kutoka peke yake hakutoshi. Sharti atoke mtu mwenye dhamiri, awe tayari kusema «hapana» mbele ya jirani zake gizani. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyeuawa katika mji wake tarehe 29 Oktoba 1996, watu wengi humwita mlinzi wa raia. Hakulinda kwa fimbo. Aliwasemea watu wake, akawasemea hata wakimbizi waliotoka Rwanda, wakati wengine walipowaona kuwa mzigo au maadui tu. Mji ulipoanza kushambuliwa hakuukimbia. Nafikiri jina lile alilistahili kwa sababu hakuchagua nani alindwe.

Sasa tuje kwenye saa ile ngumu: mwivi amekamatwa.

Mwajua yanayofuata katika mitaa mingi. Watu mia wamemzunguka. Mmoja analeta mpira wa gari uliokwisha, mwingine chupa ya mafuta. Watoto wameamka, wanaangalia. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 22, Musa aliweka sheria juu ya mwivi wa usiku. Maana yake ni hii: mwivi akikutwa akivunja nyumba gizani, akapigwa akafa, aliyempiga hahesabiwi damu, lakini jua likiwa limekwisha kumchomozea, aliyemwua ana hatia ya damu. Wanafunzi wangu huuliza: jua lina shauri gani na mwivi? Lina shauri kubwa. Gizani mwenye nyumba hajui aliyeingia ni nani, ana kisu au hana, amekuja kuiba au kuua. Anajitetea na kutetea watoto wake. Mchana humwona, humtambua, aweza kuita watu na kumshika. Ulazima umekwisha, basi na ruhusa imekwisha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha neno lililo jirani na hilo: kujitetea ni halali, lakini kwa nguvu isiyopita kiasi kinachotakiwa.

Mwivi aliyefungwa kamba, jua limekwisha kumchomozea, hata ikiwa ni saa nane ya usiku. Kumchoma moto si ulinzi. Ni kuua mtu, na amri ya tano haikuandikwa kwa ajili ya watu wema tu. Baba anayesimama pembeni mikono nyuma, akisema moyoni kwamba yeye hakuleta mafuta, asidhani ametoka mikono mitupu. Mtoto wake amemwona akiangalia.

Najua jibu lenu. Mtasema: Tukimpeleka polisi, atarudi baada ya siku mbili, naye atatucheka. Neno hilo si la uongo, na sitajificha nyuma ya sala ili nilikwepe. Wako waliotolewa kwa fedha. Mama aliyeibiwa mashine yake ya kushonea, ndiyo iliyolisha watoto watano, akimwona mwivi wake sokoni siku ya tatu, ana haki ya kulia na kukasirika. Serikali yoyote inayoacha mambo hayo huwafundisha raia kuua, hata kama haijui.

Lakini ulizeni pia: katika karatasi za mwivi yule, mliandika nini? Mara nyingi watu hamsini humleta mwivi polisi kwa kelele, kisha wote hurudi nyumbani kulala. Hakuna aliyebaki kusema jina lake, kueleza alichoona, kutia sahihi. Asubuhi mwandishi wa polisi ana mtu mmoja aliyevimba uso, hana mshtaki, hana shahidi, hana kitu kilichoibiwa. Parke haina neno la kushika, basi mtu anafunguliwa, mara nyingine bila franka hata moja. Hapo ndipo lile komeo la mlango linaposikika tena, wakati huu mchana: «Si kwetu.» Shahidi aogopa kulipiziwa kisasi, na hofu hiyo naielewa. Ndiyo maana shahidi asiende peke yake. Waende watatu au wanne, pamoja na mkubwa wa mtaa, waandike wote. Kisha mmoja arudi baada ya siku chache kuuliza karatasi zimefika wapi. Askari anayetaka kupokea kitu chini ya meza huona vigumu ikiwa watu wanne wamesimama mbele ya meza.

Na sheria yetu yasemaje? Katiba ya Kongo ya 2006, katika sehemu ya 190, inamkataza mtu yeyote kuunda jeshi la binafsi au kuweka vijana wenye silaha. Basi zamu ya mtaa isiwe na bunduki wala sare wala vyeo vya kijeshi. Ni raia wenye filimbi wanaoita watu. Tangu mwaka wa 2013 yapo mabaraza ya usalama wa karibu yaliyowekwa na serikali, ambamo wakubwa wa mahali, polisi na wajumbe wa raia hukaa pamoja. Pengine yanakaa, pengine ni jina tu. Nani atajua, ikiwa hakuna raia anayeuliza lini yatakaa?

Yako mambo madogo, lakini ndiyo yanayoharibu au kuponya zamu. La kwanza ni majina. Mwenye nyumba asiyejua majina ya vijana wanaopita mbele ya mlango wake saa tisa ya usiku, hana walinzi, ana wageni. Siku mwingine asiyejulikana akijiingiza kati yao, atamtambuaje? Awajue, ajue wazazi wao, awape chai ya moto usiku wa mvua. Ajue pia nani anakunywa. Mlinzi aliyeshiba kasiksi au lotoko ni hatari kuliko kukosa mlinzi, kwani ana fimbo na hana akili. Atolewe kwenye zamu bila kuogopa kwamba baba yake atanuna.

La pili ni fedha. Zinazokusanywa ziandikwe katika daftari, nayo isomwe mbele ya watu kila mwezi: nani ametoa, betri zilinunuliwa ngapi, filimbi ngapi. Mjane asiyeweza asidaiwe, wala asikose kulindwa. Tajiri, naye, asifikiri kwamba fedha zake nyingi zamtoa katika zamu. Wako wanaomtuma mtumishi wa nyumbani asimame mahali pao, kijana aliyefanya kazi tangu alfajiri. Hilo si zamu. Ni kumwibia mtu usingizi.

Walimu wenzangu nao hupenda kusema wana vitabu vya kusahihisha. Vitabu vinasahihishwa mchana.

La tatu ni ulimi, na hapa nawaomba akina baba na akina mama tusikilizane. Zamu inataka habari: nyumba ipi imepokea wageni usiku, nani anauza simu zisizo na mwenyewe. Akina mama huzijua habari hizo kuliko mkubwa yeyote, kwa sababu hukaa sokoni na kisimani, basi wasiachwe nje ya mashauri ya mtaa. Lakini habari na fitina ni mapacha. Mtu mwenye ugomvi wa kiwanja na jirani yake, ni rahisi kunong'ona jina la jirani huyo katika sikio la kijana wa zamu. Na anayenong'onwa upesi kuliko wote ni maibobo, mtoto wa njiani, kwa sababu hana baba wa kuja kumwuliza mtu. Kuku akipotea, ni yeye. Basi tushike kanuni hii: aletaye jina la mtu, na aseme aliona nini, lini, wapi, tena aseme mbele ya watu watatu. Kama hawezi, jina lile lisiandikwe.

Ninyi wanafunzi, zamu si mchezo wa likizo, wala si mahali pa kuonyesha nguvu. Aliye chini ya miaka kumi na minane abaki nyumbani usiku. Kazi yake ni kugonga sufuria na kuwatuliza wadogo zake. Lakini kijana mkubwa akiitwa, aende na baba yake, si na kundi la marafiki. Baba na mwana wakizunguka pamoja usiku mmoja katika mwezi, husema mambo ambayo hawayasemi mezani mwaka mzima.

Limebaki jambo moja ambalo katika mitaa mingi halina mwenyewe. Kijana wa zamu akikatwa panga, nani analipa hospitali? Siku ya kwanza watu wote wanakuja kumwona. Siku ya tatu wanakuja jamaa zake tu. Siku ya kumi mama yake anauza mbuzi. Mashirika yetu hukutana kila juma kwa sala na kwa kusaidia wagonjwa. Basi katika mkutano ujao, kabla ya kufunga, ulizeni nani walinda mtaa wenu usiku huu, andikeni majina yao, kisha tengeni katika daftari ukurasa mmoja kwa ajili ya walinzi watakaoumia. Sehemu ya fedha za kila mwezi iwekwe hapo, isiguswe kwa betri wala kwa chai, mtunza fedha awe mtu mwingine asiye mkubwa wa zamu. Na jina la mwivi aliyeumizwa akikamatwa, naye akapelekwa dispensari, liandikwe chini yake katika ukurasa ule ule.